Haidrojeni peroksaidi kwenye tangi la haidroponi: tuache kupima kwa kifuniko cha chupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ushauri unaozidi kusambaa miongoni mwa wanaolima mboga kwa haidroponi majumbani, yaani mizizi ikikaa kwenye maji yenye virutubisho badala ya udongo, na ambao siku hizi unapenya hata kwenye kurasa za kilimo: kwamba mizizi ikianza kuoza, mimina "vifuniko viwili vya haidrojeni peroksaidi kwa kila ndoo" na mambo yatakuwa shwari. Na dawa yenyewe sina ugomvi. Ikitumiwa sawasawa inaua vimelea vinavyoogelea kwenye maji ya virutubisho, inasafisha mabomba, kisha inavunjika na kubaki maji na oksijeni tu. Ugomvi wangu ni kipimo. Kifuniko cha chupa gani? Ndoo ya lita ngapi? Na peroksaidi ya asilimia ngapi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalounguza mizizi, na wakati mwingine vidole na macho ya mkulima mwenyewe. Peroksaidi huuzwa ikiwa na nguvu zinazotofautiana mno, na zote kwa macho ni kama maji. Ile ya kusafishia vidonda huwa ya asilimia 3. Za saluni huwa za asilimia 6, 9 au 12. Ya viwandani hufika asilimia 35 na hata 50. Chupa nyingine hazitaji asilimia kabisa bali huandika "ujazo" au kifupi chake cha Kiingereza, "vol": ujazo 10 ni asilimia 3, ujazo 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9 na 40 ni asilimia 12. Namba hiyo ina maana yake: mililita 1 ya ujazo 10 ikivunjika yote hutoa takriban mililita 10 za gesi ya oksijeni.

Sasa chukua kifuniko cha mililita 10, ukimimine kwenye ndoo ya lita 20. Kama ni ya asilimia 3, kila lita ya maji imepata miligramu 15 za peroksaidi, kiasi ambacho mmea mkubwa hautakistukia. Kama ni ya asilimia 35, kila lita imepata karibu miligramu 200. Hapo vinyweleo vya mizizi vinaungua ndani ya saa chache na mkulima anaamka kukuta saladi imelala. Kifuniko ni kilekile, ndoo ni ileile. Kwa hiyo ombi langu kwa dawati lenu la kilimo ni dogo: kila mnapochapisha kipimo cha dawa hii, andikeni asilimia ya chupa, lita za maji, na miligramu zinazokusudiwa kwa lita. Kimoja kikikosekana, hicho si kipimo, ni kubahatisha.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Kila mililita ya peroksaidi ya asilimia 3 imebeba takriban miligramu 30. Ya asilimia 6 imebeba 60, ya 12 imebeba kama 120, na ya 35, kwa kuwa ni nzito kuliko maji, imebeba karibu 400. Zidisha miligramu unazotaka kwa lita mara lita zilizomo tangini, halafu gawa kwa namba hiyo. Tangi la lita 40 likihitaji miligramu 30 kwa lita ni 30 mara 40, yaani 1,200. Ukigawa kwa 30 unapata mililita 40 za ile ya asilimia 3. Kwa ya asilimia 6 ni mililita 20. Kwa ya asilimia 35 ni mililita 3 tu, na hapo ndipo hatari inapoonekana: mkono ukitikisika mililita moja kwenye 40 hakuna kilichoharibika, lakini mililita moja kwenye 3 ni theluthi nzima ya dozi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenye bustani ya nyumbani hana haja ya kumiliki kitu kikali kupita asilimia 6. Anayesema ile kali ni nafuu anasahau kuweka macho yake kwenye hesabu.

Na lita zihesabiwe za maji yaliyomo, si za tangi lilivyoandikwa. Tangi la lita 60 lililojaa nusu, lenye mizizi na mawe ya hewa (yale yanayotawanya vipovu vya pampu) ndani, laweza kuwa na lita 25. Lijaze mara moja kwa chombo unachokijua ujazo wake, uchore alama kwa nje kila lita 5, na shida hiyo imekwisha. Dawa ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha mezani cha nyumba hii si kijiko cha nyumba ile.

Kuna dhana nyingine inayotembea pamoja na vifuniko: kwamba peroksaidi "inaongeza hewa" tangini, kwa hiyo ukiitia kila siku huhitaji pampu ya hewa. Tuipime. Uzito wa peroksaidi ukivunjika, asilimia 47 yake hutoka kama oksijeni. Dozi ya miligramu 30 kwa lita basi hutoa kama miligramu 14 za oksijeni kwa lita, mara moja, ikaisha. Maji safi ya nyuzi 20 za Selsiasi hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita yakiwa yameshiba, na yakipanda hadi nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Kinachozidi hapo hakikai majini. Kinapanda juu kama vipovu na kupotea hewani. Mizizi nayo inapumua usiku na mchana, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo inavyopumua kwa kasi zaidi, wakati oksijeni iliyomo inapungua. Pampu ndogo ya hewa na jiwe lake hufanya kazi hiyo saa zote bila kuunguza kitu. Ukiona bustani inaishi kwa peroksaidi ya kila siku, ujue tangi lina joto, lina mwanga unaopenya, au halina hewa, na dawa inaficha ugonjwa tu.

Kabla ya kugusa chupa, hakikisha kwanza mizizi inaoza kweli. Rangi peke yake inadanganya. Virutubisho vyenye chuma hupaka mizizi rangi ya chai, na mizizi hiyo ikawa na afya njema. Toa mmea, shika mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uuvute polepole kuelekea ncha. Mzizi mzima ni mgumu kidogo, hautoi kitu, na unanukia maji tu au udongo mbichi. Uliooza huachia: ganda la nje linateleza na kubaki vidoleni kama ute wa kahawia, na katikati unabaki uzi mwembamba mweupe. Harufu yake ni ya maji yaliyosahauliwa kwenye chombo cha maua. Hiyo kwa kawaida ni kazi ya Pythium, kiumbe kinachofanana na kuvu ambacho mbegu zake zina mikia na huogelea kutoka mzizi hadi mzizi. Kinapenda maji ya vuguvugu yenye oksijeni kidogo. Maji yakikaa kati ya nyuzi 18 na 22 hakina raha sana. Yakivuka 25, mlango uko wazi.

Peroksaidi inaua vizuri zile mbegu zinazoogelea. Haiui kwa urahisi mbegu zake nyingine, zile za ukuta mnene zinazolala ndani ya mizizi iliyokufa na kwenye pembe za mabomba, wala haipenyi ndani ya mzizi ulioshambuliwa tayari. Ndiyo sababu mtu anatia dawa, maji yanapendeza siku tatu, kisha ute unarudi. Dawa haikushindwa. Ilipewa kazi isiyoiweza.

Kwa hiyo ukikuta kuoza, anza na mikono. Toa mimea, kata kwa mkasi uliosafishwa mizizi yote inayoteleza, suuza iliyobaki kwa maji safi ya joto la kawaida. Mwaga maji ya tangi yote, usiyaonee huruma. Sugua tangi, mabomba na vikapu vya miche, jaza upya kwa virutubisho vya nusu ya nguvu ya kawaida, rekebisha pH (kipimo cha uchachu wa maji), washa pampu ya hewa, na hapo ndipo utie peroksaidi ya miligramu 60 kwa lita. Kwa lita 40 ni mililita 80 za ile ya asilimia 3. Siku ya tatu au ya nne ukiona ute mpya, rudia mara moja. Wapo wanaofika 90. Juu ya hapo siendi, maana mmea uliopoteza nusu ya mizizi hauna tena cha kuchezea, na unachoua pale juu ya miligramu 100 kwa kawaida ni mmea.

Kwa tangi lenye afya ambalo mwenyewe anataka kulikinga wakati wa joto, miligramu 15 hadi 30 kwa lita zinatosha, mara moja kwa wiki au kila anapobadilisha maji. Miche isipewe. Mche wenye mizizi miwili mitatu hauna ganda la kuukinga, na kiasi ambacho nyanya iliyokomaa haikitambui huweza kuunguza ncha zote za mche. Subiri hadi mizizi ishuke vizuri kutoka kwenye sponji na majani halisi yawe manne au zaidi.

Namna ya kutia nayo ina mpangilio. Maji kwanza, kisha virutubisho kimoja baada ya kingine, kisha pH, na peroksaidi mwisho, ikiwa vyote vimeshachanganyika. Usiitie kamwe kwenye chupa ya virutubisho vizito visivyopunguzwa kwa maji, wala usiimimine juu ya mizizi. Ipime, itie kwenye lita moja ya maji safi, kisha imimine taratibu karibu na pale pampu inaposukuma maji ili isambae kabla haijakutana na mzizi wowote. Mita ya EC, ile inayokadiria virutubisho kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, isikupotoshe: peroksaidi haipitishi umeme kama chumvi zinavyopitisha, kwa hiyo namba haitapanda hata ukimwaga chupa nzima. Kinachoisoma ni vipande vya karatasi vya kupimia peroksaidi, vile vinavyobadilika rangi. Chagua vinavyosoma hadi miligramu 100 kwa lita. Chovya baada ya nusu saa, kisha baada ya saa sita, kisha kesho yake.

Vipimo hivyo vitatu vinakueleza zaidi ya dozi. Bakteria, mwani na mizizi yenyewe vina kimeng'enya kiitwacho katalesi, na molekuli moja tu ya kimeng'enya hicho huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Kwenye tangi lenye ute mwingi, miligramu 30 zinaweza kwisha kabla ya jioni. Kwenye tangi safi lililofunikwa, dozi hiyohiyo yaweza kukaa siku mbili au zaidi. Matokeo yake ni kinyume cha tunavyodhani: dozi iliyovumiliwa na tangi chafu inaweza kuunguza mimea baada ya wewe kusafisha. Na anayeongeza kila asubuhi bila kupima kwenye tangi safi hatii miligramu 30. Anarundika 30 juu ya mabaki ya jana.

Vipovu vidogo vinavyoganda kwenye mizizi baada ya kutia ni vya kawaida. Povu zito linaonyesha ute mwingi, na maana yake ni kwamba ulitakiwa kusugua kwanza. Pampu ya maji ikianza kuguguma na kupunguza nguvu, gesi imenasa ndani. Izime, itikise ikiwa chini ya maji, iwashe tena. Kwenye mifumo ya matone, vipovu huweza kuziba midomo kwa muda, basi ikague yote usiku huo, si kesho kutwa.

Kuna hasara moja ambayo haitajwi kabisa na ndiyo inayowachanganya wengi, nayo ni chuma. Kwenye virutubisho vya haidroponi, chuma hufungwa ndani ya molekuli ya kukibeba ili kisigande, na peroksaidi hushambulia kifungo hicho. Zaidi ya hapo, chuma na peroksaidi vikikutana huzaa chembe kali sana zinazochoma kila kilicho karibu. Mkemia wa Uingereza Henry Fenton aliieleza athari hiyo mwaka 1894, na bado inatumika kusafisha maji machafu ya viwandani. Tangini kwako maana yake ni kwamba kila dozi inapunguza chuma. Baada ya wiki mbili tatu za kutia ovyo, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima anasema mmea una njaa, anaongeza virutubisho vyote, EC inapaa, ncha za majani zinakauka, na anarudi kwenye peroksaidi. Tiba ni kubadilisha maji yote na kupunguza dawa. Ukiona tope la rangi ya kutu chini ya tangi, usitafute mchawi.

La pili ni vijidudu wema. Wengi sasa hutia bakteria wa jamii ya Bacillus au kuvu wa Trichoderma ili wakae kwenye mizizi na kuwazuia waharibifu. Peroksaidi haichagui. Ukivitia pamoja, umenunua askari ukawapiga risasi langoni. Chagua njia moja. Kama umetibu kwa peroksaidi na sasa unataka kuweka hao wema, subiri karatasi ya kupimia isome sifuri, kisha uwatie. Wanaotumia virutubisho vya asili, kama maji ya mboji au samaki waliosagwa, wajue kwamba mabaki hayo hula dawa kabla haijafika kwa mlengwa, kwa hiyo huko haina faida. Na kwenye tangi ambalo maji yake huzunguka hadi kwa samaki hai, usiitie kabisa: bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki watakufa, na samaki watafuata.

Mtu aliyekwisha kuzidisha atajua ndani ya siku moja. Mmea unasinyaa wakati wa jua ilhali mizizi imezama majini, na ncha nyeupe za mizizi zinakuwa za kahawia au zinaonekana kama zimechemshwa. Usingoje ijivunje yenyewe. Mwaga, jaza maji safi yenye virutubisho robo hadi nusu, ongeza hewa, punguza mwanga kwa siku mbili. Mmea ukitoa ncha mpya nyeupe baada ya wiki, umenusurika.

Mahali ambapo peroksaidi haina mpinzani, kwa maoni yangu, ni kusafisha mfumo kati ya mazao. Hapo hakuna mmea wa kuuonea huruma, kwa hiyo unaweza kwenda juu. Toa kila kitu, sugua ute kwa brashi (usiruke hatua hii, ute ni ngao), suuza, kisha jaza maji yenye mililita 100 za peroksaidi ya asilimia 3 kwa kila lita. Hiyo ni asilimia 0.3 hivi, au miligramu 3,000 kwa lita. Zungusha kwa pampu saa nne hadi sita, hakikisha inafika kwenye kila mkono wa bomba. Mwaga, suuza mara mbili, acha vikauke. Kagua mipira ya pampu, maana peroksaidi huchakaza baadhi ya aina za mpira. Kokoto za udongo wa kuchoma zisafishwe hivyohivyo, ila usishangae zikitoa povu muda mrefu: zina matundu, na matundu yana mizizi iliyokufa.

Mbegu zenye historia ya ukungu zilowekwe kwenye ya asilimia 3 kwa dakika 5 hadi 10, zisuuzwe, zipandwe. Basi.

Kuhusu aina ya kununua: ya saluni yenye urojo au manukato isiingie tangini, ina mafuta na vitu vya kuigandisha. Unga wa kung'arishia nguo unaosemwa "una oksijeni" ni sodiamu pakaboneti. Unaachilia peroksaidi kweli, lakini unaacha sodiamu na magadi, na pH inapanda. Ni mzuri kwa kusugulia ndoo tupu, haufai kulisha mimea. Zipo pia zilizochanganywa na madini ya fedha, na hizo zikitumiwa mara kwa mara fedha inabaki kwenye maji yanayozunguka. Soma lebo. Chupa ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda ina kiasi kidogo cha vitu vya kuituliza isivunjike, na kwa dozi nilizotaja havijawa tatizo.

Kama chupa ni ya zamani, dondosha matone mawili kwenye kipande cha kiazi kibichi kilichokatwa sasa hivi. Ikitoa povu mara moja, bado ina uhai, ingawa kiazi hakiwezi kukuambia ni asilimia ngapi. Ikinyamaza, ni maji. Hifadhi kwenye chupa yake yenyewe isiyopitisha mwanga, mahali pa baridi, wima. Usirudishe mabaki kwenye chupa, hata kama bomba la sindano linaonekana safi: chembe ya kutu, shaba au udongo inatosha kuifanya ijivunje na kutoa gesi. Chupa za ile kali huwa na kifuniko chenye tundu dogo la kupumulia. Ukikibadilisha kwa kifuniko kisichopumua, chupa inaweza kuvimba hadi ikapasuka. Na isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haina rangi, na mtoto hasomi lebo.

Wenye ile ya asilimia 35, ambao hawatanisikia nikisema waiache, walau wafanye hivi. Vaa glavu za nitrili na miwani inayofunika macho pande zote, si ya jua. Fanya kazi karibu na bomba la maji. Kuipunguza hadi karibu asilimia 3, weka sehemu 11 za maji kwanza, kisha mimina sehemu 1 ya peroksaidi ndani ya maji, si kinyume. Tumia vyombo vya plastiki au kioo, chuma na shaba vikae mbali. Tumia maji yaliyochujwa chumvi ukiweza. Kama ni ya bomba, changanya ya siku hiyo tu. Ikimwagika, usifute kwa kitambaa, karatasi wala maranda ya mbao ukavitupa kwenye pipa, kwa sababu vikikauka vikiwa na peroksaidi kali vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Mwagia maji mengi hadi imetoweka. Mwili ukiguswa, ngozi huwa nyeupe na kuchoma, kwani gesi inazaliwa ndani yake. Osha kwa maji mengi, weupe huondoka baada ya muda.

Usiichanganye na siki. Mchanganyiko huo huzaa asidi ya peraseti inayochoma macho na mapafu. Usiichanganye na jiki: vinachemka, vinatoa joto na gesi, na vinauana nguvu, kwa hiyo hata usafi hupati. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha isikae hata rafu moja nayo, kwani vikikutana vinaweza kutengeneza kitu kinacholipuka. Spiriti nayo ikae mbali na ile kali. Asidi ya kushushia pH ipimwe kwa bomba lake la sindano, na hilo la peroksaidi liwe na alama ya rangi nyingine.

Ikiingia jichoni, ya asilimia yoyote, fungua kope kwa vidole na osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yametulia. Mtu akimeza tama la ile ya asilimia 3, kwa kawaida tumbo litajaa gesi na huenda akatapika. Suuza mdomo, mpe maji kidogo, mwangalie, na ukiwa na wasiwasi mpeleke. Akimeza ile ya asilimia 35, hata tama moja, ni dharura: gesi inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kuziba. Usimtapishe, usimpe siki wala maziwa ukidhani unaizima. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi, lebo ikisomeka.

Mkereketwa wa haidroponi